Kichapuzi Kinacholisha Kichapuzi: Nguvu ya Maikrowevu na Hesabu ya Wakati

Elektroni inayochapuliwa hupita ndani ya mrija wa shaba wenye vyumba vidogo vilivyopangwa mfululizo. Katika kila chumba wimbi la maikrowevu huisukuma mbele, mradi ifike wakati wimbi linaelekea kule inakokwenda. Ikichelewa kwa nusu mzunguko, wimbi lilelile huirudisha nyuma. Ndiyo maana fani ya vichapuzi vya chembe imeishi na maswali mawili tangu ilipoanza: nguvu ya mawimbi itatoka wapi, na chembe zitafikaje kwa wakati. Kwa muda mrefu yalikuwa maswali mawili kweli. Mhandisi wa nguvu alitafuta megawati, mhandisi wa saa akatafuta sekunde na vipande vyake.

Mradi wa CLIC, uliobuniwa katika maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, umeyageuza kuwa swali moja. Ni pendekezo la kigonganishi cha elektroni na positroni ambamo chanzo cha maikrowevu ni mwale mwingine wa elektroni, unaokimbia sambamba na ule unaochapuliwa. Mwale huo wa pili, tuuite mwale mwendeshi, hupata nguvu yake ya kutisha kwa njia moja tu: elektroni zilezile, zenye nishati ileile, hupangwa upya zikae ndani ya muda mfupi zaidi. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika mashine ya namna hii ulandanishi ndio mtambo wa kuzalisha nguvu, na kwamba mtu anayeuliza kama wazo hilo linafaa anapaswa kulipima kwa saa kabla ya kulipima kwa mita ya umeme.

Tuanze na ukubwa wa haja. Katika hatua yake ya mwisho, CLIC imesanifiwa kufikia elektronivolti trilioni 3 ndani ya handaki la kilomita 50. Ili urefu utoshe, kila mita ya mrija wa shaba lazima iipe chembe elektronivolti milioni 100. Kichapuzi cha Stanford, kilichofikisha elektroni kwenye elektronivolti bilioni 50 katika kilomita 3 hivi, kilitoa takriban milioni 17 kwa mita. Kila kipande cha mrija wa CLIC, chenye urefu wa sentimita 23 hivi, kinahitaji megawati 60 za maikrowevu ya gigahezi 12. Vipande hivyo ni takriban 140,000. Zidisha, utapata zaidi ya terawati 8.

Hakuna gridi ya umeme duniani inayoweza kutoa terawati 8 mahali pamoja, na wala haihitajiki. Nguvu hiyo inatakiwa kwa nanosekunde 240 tu, mara 50 kwa sekunde, yaani jumla ya maikrosekunde 12 katika kila sekunde. Wastani wake ni kama megawati 100. Tatizo, basi, limo katika kubana: kuchukua nishati inayoingia polepole kutoka kwenye nyaya za umeme na kuitoa yote katika kipande cha wakati kisichofika hata theluthi ya maikrosekunde, tena kwa masafa sahihi, tena kila mahali kwenye handaki kwa mpangilio.

Chombo cha kawaida cha kazi hiyo ni klaistroni, iliyobuniwa na ndugu Russell na Sigurd Varian huko Stanford mwaka 1937. Ndani yake mwale wa elektroni hupitishwa kwenye chumba chenye mawimbi hafifu, ambayo huzichelewesha baadhi ya elektroni na kuziharakisha nyingine. Baada ya mwendo mfupi, zile za haraka huzikuta za polepole na mwale hujigawa katika vishada. Vishada hivyo vikipita chumba cha pili hutoa mawimbi yaleyale yakiwa na nguvu nyingi. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu klaistroni yenyewe ni kichapuzi kidogo kinachogeuza mpangilio wa wakati kuwa maikrowevu. CLIC imelichukua wazo hilo na kulitandaza kwenye kilomita kadhaa.

Kichapuzi cha Stanford, SLAC, kilipoanza kazi mwaka 1966 kilikuwa na urefu wa kilomita 3.2 na takriban klaistroni 240 zilizopangwa juu ya handaki, zote zikitoa mawimbi ya megahezi 2,856. Kuzifanya zipige pamoja kulitaka laini moja kuu ya rejea, inayobeba megahezi 476 kutoka mwanzo hadi mwisho wa jengo. Kila sehemu huchukua mawimbi hayo na kuyazidisha mara 6. Mwaka 1974 wahandisi wa hapo walibuni SLED, mbinu ya kuhifadhi nishati ya klaistroni ndani ya vyumba viwili vya shaba kwa sehemu kubwa ya mpigo, kisha kuigeuza fezi ya klaistroni ghafla, kwa digrii 180, ili vyumba vimwage akiba yao pamoja na mawimbi yanayoendelea kuingia. (Fezi ni mahali ulipofika ndani ya mzunguko mmoja wa wimbi; mzunguko mzima ni digrii 360.) Nguvu ya kilele ilipanda bila kuongeza klaistroni hata moja. Tayari hapo tunaona nguvu ikitoka katika kugeuza fezi kwa wakati wake.

Kwa nini basi tusijaze handaki la kilomita 50 kwa klaistroni? Kundi la Marekani na Japani lilikuwa na mpango wa jinsi hiyo kwa gigahezi 11.4, wenye maelfu ya klaistroni. Mwaka 2004 jopo la kimataifa lilichagua teknolojia ya vichapuzi vya ubaridi mkali, vya gigahezi 1.3, kwa kigonganishi kijacho cha mstari, na mpango ule ukakoma. Ugumu uliokuwa nao haukuisha. Kadiri masafa yanavyopanda, klaistroni huwa ndogo, joto lake hukusanyika mahali padogo, na ufanisi wake hushuka. Klaistroni ya gigahezi 1 yenye mpigo mrefu inaweza kukaribia ufanisi wa asilimia 70, ilhali zile za gigahezi 12 zenye mpigo mfupi ziko mbali chini ya hapo. Kila moja pia inahitaji chanzo chake cha volteji ya juu, mafundi, vipuri na siku yake ya kufa. Elfu kumi na kitu kati ya hizo, kila moja na fezi yake inayotangatanga kivyake, ni mzigo ambao hata maabara tajiri ingeuogopa.

Wazo la kuutumia mwale mmoja kuulisha mwingine lilitolewa na Andrew Sessler wa Berkeley mwaka 1982. Yeye alifikiria mwale wenye mkondo mkubwa unaopita kwenye leza ya elektroni huru na kutoa maikrowevu njiani. Halikuwa ndoto tupu: mwaka 1986 wanasayansi wa Livermore walionyesha leza ya namna hiyo ikitoa gigawati 1 kwa gigahezi 34.6, kwa ufanisi wa asilimia 34. Ugumu ulikuwa kuidhibiti fezi ya mawimbi yanayozaliwa kwenye mashine kama hiyo, hatua baada ya hatua, kwa kilomita nyingi. Katika miaka ileile Wolfgang Schnell wa CERN alipendekeza njia rahisi zaidi, iliyokuja kuwa CLIC: mwale uliokwisha kukatwa katika vishada, unaopita tu kwenye mirija ya shaba yenye mifuo ndani. Nadhani urahisi huo ndio uliolinusuru wazo. Mrija wa shaba hauna waya wala swichi, na hakuna kinachochakaa ndani yake kwa haraka. Fezi ya mawimbi inaamuliwa na jambo moja tu, nalo ni wakati kishada kilipopita.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini. Kishada cha elektroni kinapopita kwenye mrija wenye mifuo huacha wimbi nyuma yake, na umbo la mrija ndilo linaloamua masafa. Katika CLIC ni gigahezi 12, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua pikosekunde 83 na wimbi lina urefu wa milimita 25. Kishada cha pili kikifika pikosekunde 83 kamili baada ya cha kwanza, wimbi lake huangukia juu ya lile la kwanza na kuliongeza. Kikifika baada ya pikosekunde 42, mawimbi hayo mawili hufutana. Vishada vikija kwa mpangilio, mawimbi hujumlishwa, na nguvu hukua kwa mraba: ukiongeza mkondo maradufu, nguvu inayotoka ni mara nne. Hakuna muujiza wa bure hapo, kwani kila elektroni sasa inasukumana na wimbi lenye kimo maradufu lililoachwa na zilizotangulia, nayo hupoteza nishati mara mbili ya awali. Nguvu yote hutoka kwenye mwendo wao. Katika CLIC kila mrija wa kuvunia utatoa takriban megawati 135, na utalisha vipande viwili vya mrija wa mwale mkuu, yaani ule unaochapuliwa.

Kishada chenyewe pia lazima kiwe kifupi. Kikiwa kirefu kufikia nusu ya wimbi, elektroni za mbele na za nyuma zitavurugana ndani ya kishada kimoja. Ndiyo sababu vishada vya mwale mwendeshi vimepangiwa urefu wa milimita 1 hivi.

Lakini mwale wenye vishada kila sentimita 2.5 na mkondo wa ampea 100 hauwezi kuchapuliwa moja kwa moja kwa ufanisi. Wasanifu wa CLIC wanaanza mbali na hapo: mwale wa ampea 4.2 tu, wenye vishada kila sentimita 60, unaodumu kwa maikrosekunde 140 hivi, na unaochapuliwa hadi elektronivolti bilioni 2.4 kwa klaistroni za gigahezi 1. Hizo ni klaistroni kubwa, za mpigo mrefu, aina ambayo ufanisi wake ni mzuri. Usanifu wa mwaka 2012 ulitaja klaistroni 819 kwa kila upande wa mashine, za megawati 15 kila moja. Mwale umepangiwa kunyonya karibu mawimbi yote yanayoingia kwenye mirija ya shaba, ili mwishoni mwa kila mrija kusibaki kitu cha kupotea kama joto. Kwenye mashine ya majaribio ya CERN iitwayo CTF3, uhamisho huo wa nishati kutoka mawimbi hadi mwale ulifika asilimia 95. Ni takwimu ya kupendeza mno, na haitajwi mara nyingi inavyostahili.

Kisha kazi ya kubana inaanza. Mwale mrefu umegawanywa tangu ulipozaliwa katika sehemu za nanosekunde 240, na kila sehemu ya pili inageuzwa fezi kwa digrii 180 za gigahezi 0.5, kwa hiyo vishada vyake vinakaa katikati ya nafasi za vishada vya sehemu inayofuata. Kipindishi cha maikrowevu, ambacho huzisukuma chembe pembeni badala ya mbele, kinazituma sehemu za fezi ya kwanza kwenye kitanzi cha mita 73 na kuziacha za pili zipite moja kwa moja. Kitanzi kinachelewesha kwa nanosekunde 240 na ziada kidogo. Sehemu iliyocheleweshwa inatoka wakati ile inayoifuata inafika, na vishada vyao vinaingiliana. Umbali kati ya vishada unakuwa sentimita 30, na mkondo unakuwa maradufu.

Waliokulia vijijini wameona akina mama watatu wakitwanga kinu kimoja: kila mmoja anainua mchi wake kwa mwendo wake uleule, lakini kinu kinapigwa mara tatu zaidi, na anayekosea zamu hugonganisha michi. Pete mbili zinazofuata kitanzi zinafanya hivyo kwa elektroni. Pete ya kwanza, ya mita 293, inaunganisha sehemu tatu. Ya pili, ya mita 439, inaunganisha nne. Urefu wa kila pete umechaguliwa ili usigawanyike kikamilifu kwa urefu wa wimbi la kipindishi chake. Unabaki na kipande kidogo cha ziada. Kwa hiyo kila mzunguko vishada vilivyomo hurudi kwenye kipindishi vikiwa vimesogea kidogo kwenye fezi, na msukumo unaokuja kuingiza vishada vipya hauvigusi vile vya zamani. Mzunguko ukizidi hesabu, mwale wa zamani utapigwa kando na kugonga ukuta. Mbili mara tatu mara nne ni 24: vishada kila sentimita 60 vimekuwa kila sentimita 2.5, ampea 4.2 zimekuwa ampea 101, na mpigo mmoja mrefu umekuwa misururu 24 ya nanosekunde 240.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo ambalo ningependa msomaji alione kwa sababu ni zuri lenyewe. Mwale mwendeshi unapita kwenye handaki ukielekea upande wa pili wa ule mkuu. Kila mmoja wa misururu 24 una sekta yake ya takriban mita 876, ambapo unageuzwa kwenye kitanzi chake, unaingia sambamba na mwale mkuu, na kulisha mirija. Msururu na msururu imeachana kwa maikrosekunde 5.8, muda ambao mwanga husafiri kilomita 1.75, yaani urefu wa sekta mbili. Kwa kuwa mwale mkuu unakuja ukielekeana na misururu, kila unapomaliza sekta moja, msururu wa sekta ijayo ndio kwanza unakamilisha kugeuka. Hakuna swichi ya kasi inayohitajika kati ya sekta na sekta, wala amri ya kompyuta kwa kila mpigo. Ulandanishi wa jumla umejengwa ndani ya urefu wa handaki lenyewe. Zidisha sasa: misururu 24, kila mmoja umeundwa kwa sehemu 24, kila sehemu nanosekunde 240. Jibu ni maikrosekunde 138, ndiyo ile 140 ya mwanzo. Kila namba katika mashine hii inadai namba nyingine.

Ulandanishi wa jumla, hata hivyo, hautoshi. Mwale mkuu unalenga kugongana katika doa lenye kimo cha nanomita 1, na sumaku za kulenga huvumilia tofauti ndogo sana ya nishati. Nishati inategemea fezi ya mawimbi, na fezi ya mawimbi ni fezi ya mwale mwendeshi. Wasanifu walikokotoa kwamba mwale mwendeshi lazima uwe sahihi kwa digrii 0.2 za gigahezi 12. Hiyo ni femtosekunde 46. Mwanga katika muda huo husafiri maikromita 14.

Ugumu mkubwa uko hapa, nami naona ndipo mtu mwenye mashaka kuhusu CLIC anapaswa kuuliza maswali yake. Elektroni ya nishati hii inakimbia karibu kabisa na kasi ya mwanga. Kishada kilichochelewa hakiwezi kuharakishwa. Ukikiongezea nishati, kasi yake haibadiliki kwa kiasi cha maana. Njia pekee ya kumrekebisha aliyechelewa ni kumfupishia safari.

Katika CTF3 walifanya hivyo hasa. Kipimo cha fezi kiliwekwa mahali mwale unapoanza kuzunguka. Ishara yake ilikata kona kwa waya mfupi huku mwale ukichukua njia ndefu, na ndani ya nanosekunde zisizozidi 380 ilibidi isomwe, kosa likokotolewe, na vikuza nguvu viwashe visukumio viwili kwenye njia ya kupinda. Visukumio vilibadilisha kidogo mkunjo wa njia, nao urefu wa safari ukabadilika kwa makumi ya maikromita, kulingana na kosa la mwale huohuo uliopimwa. Vipimo vya fezi vilitoka Frascati nchini Italia, vikuza nguvu vikatoka Oxford. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha mtetemo wa fezi ukishuka kutoka digrii 0.9 hivi hadi 0.2, yaani femtosekunde 50 hivi. Kiwango kilichokuwa kimeandikwa kwenye karatasi ya usanifu kilifikiwa kwa mwale halisi. Katika historia nzima ya CTF3 sioni tokeo lililo zito zaidi ya hilo, hata lile la mwale mkuu kuchapuliwa kwa elektronivolti milioni 145 kwa mita, ambalo ndilo lililopata sifa nyingi.

Linalobaki ni rejea. Kusema mwale umechelewa ni kusema umechelewa kulingana na saa fulani, na saa hiyo lazima iwe ileile kilomita nyingi kutoka hapo. Ishara ikipelekwa kwa faiba, joto likipanda kwa nyuzi 1 huchelewesha ishara kwa makumi ya pikosekunde katika kila kilomita. Hiyo ni mara mamia ya kosa linaloruhusiwa. CERN ina mfumo wake wa White Rabbit unaogawa wakati kwa usahihi wa chini ya nanosekunde, unaofaa kuamuru vifaa viwake, lakini fezi ya gigahezi 12 inataka kitu kikali zaidi. Tumaini limetoka Hamburg. European XFEL, yenye urefu wa kilomita 3.4 na iliyofunguliwa mwaka 2017, inatumia mipigo ya leza inayosafiri kwenye faiba na kurudi: mwangwi unapimwa dhidi ya mpigo wa asili, na urefu wa faiba unarekebishwa muda wote. Viungo vya aina hiyo hukaa thabiti kwa femtosekunde chache. Miaka 30 iliyopita jambo hili lingekuwa kizuizi cha kutosha kuusimamisha mradi.

Upande wa shaba wenyewe una amri yake. Mawimbi yakiwa makali kupita kiasi, cheche huruka ndani ya mrija, ombwe huvurugika na mpigo hupotea. Majaribio yameonyesha kwamba kasi ya cheche hukua kwa takriban uga wa umeme uliopandishwa kwa kipeo cha 30, na muda wa mpigo kwa kipeo cha 5. Kwa hiyo kufupisha mpigo ni njia ya kuongeza nguvu bila kuharibu shaba. CLIC ilijifunza hili kwa gharama: hapo awali ilikusudia gigahezi 30 na elektronivolti milioni 150 kwa mita, ikashuka hadi gigahezi 12 na milioni 100 mwaka 2007. Huko Argonne, karibu na Chicago, watafiti wamesukuma mantiki hiyo hadi mwisho. Wao hutumia vishada vichache vyenye chaji kubwa, vilivyopangwa kwa mipigo ya leza, na huvuna mamia ya megawati ya gigahezi 11.7 kwa nanosekunde chache tu. Mwaka 2022 walitangaza bunduki ya elektroni inayolishwa hivyo, yenye uga unaokaribia volti milioni 400 kwa mita. Namba hiyo inatosha kumfanya mtu aanze kuchora upya mashine yake.

Je, mwale mwendeshi una faida kila mahali? Hapana, na wasanifu wa CLIC wenyewe wamelikubali hilo kwa vitendo. Kwa hatua ya kwanza ya elektronivolti bilioni 380, yenye urefu wa kilomita 11, wameandaa pia usanifu mbadala unaotumia klaistroni za gigahezi 12 kando ya handaki. Sababu ni wazi: mtambo wa kuandaa mwale mwendeshi, pamoja na kitanzi na pete zake, ni gharama unayolipa karibu yote mwanzoni, uwe na sekta 4 au 24. Klaistroni hulipiwa mita kwa mita. Mashine ikiwa fupi, njia hizo mbili hukaribiana; ikirefuka, mwale mwendeshi hushinda, na kwa elektronivolti trilioni 3 sioni mshindani. Anayetaka kujenga hatua ya kwanza tu, bila nia ya kurefusha, achukue klaistroni. Anayetaka mlango wa nishati kubwa ubaki wazi asiogope kulipa mapema. Mkakati wa Ulaya wa mwaka 2020 uliitaka CERN ichunguze kwanza uwezekano wa pete ya kilomita 100, na hilo limeiacha CLIC katika nafasi ya mbadala. Nasikitika kwa hilo, kwa kuwa ujuzi wa femtosekunde hautunziki kwenye kabati. Unaishi mikononi mwa watu wanaoendesha mwale kila siku.

Sehemu ya ujuzi huo imepata kazi nyingine. CTF3 ilifungwa mwishoni mwa 2016, na kichapuzi chake kidogo cha majaribio kiligeuzwa kuwa CLEAR, ambacho kinaendelea kutoa mwale kwa watafiti. Mwaka 2020 CERN na hospitali ya chuo kikuu cha Lausanne zilitangaza ushirikiano wa kusanifu mashine ya tiba ya saratani itakayotumia teknolojia ya mirija ya CLIC kutoa dozi yote ya elektroni za nishati kubwa kwa chini ya sekunde moja. Mashine hiyo haihitaji mwale mwendeshi, klaistroni inaitosha. Ndugu zake wadogo wako karibu nasi: mashine za tiba ya mionzi za Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na za Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala, ni vichapuzi vya elektroni vya jamii hiihii. Mashine ya hospitali kwa kawaida huwa na chanzo kimoja cha maikrowevu kinachokaribia gigahezi 3, magnetroni au klaistroni, na ulandanishi wake ni wa namna moja: shaba ikipata joto hutanuka, masafa yake husogea, na chanzo lazima kifuatane nayo. Umeme unaoyumba na maji ya kupoza yasiyo na joto thabiti huigusa mashine hapo hapo, kwenye fezi. Mhandisi wa hospitali anayepigania maji yabaki kwenye joto lilelile anafanya kazi moja na yule wa CERN, kwa kiwango kingine.

Nirudi kwenye kile ambacho bado hakijathibitishwa, kwa maana si haba. CTF3 iliunganisha mwale mara 8, kwa kitanzi cha mita 42 na pete ya mita 84. CLIC inataka mara 24. CTF3 ilichukua mpigo wa maikrosekunde 1.2 wa karibu ampea 4 na kutoa ampea 28 kwa nanosekunde 140. CLIC inaanza na mpigo mrefu zaidi ya mara 100. Mwale wa CTF3 ulikuwa na elektronivolti milioni 150, na uliponyonywa takriban nusu ya nishati yake ulibaki mtulivu. Ule wa CLIC unapaswa kunyonywa asilimia 90 na bado ufike mwisho wa sekta bila kutawanyika. Kati ya hayo, lile linalonitia wasiwasi zaidi ni urefu wa mpigo. Katika maikrosekunde 140, volteji ya klaistroni ina muda wa kutosha kushuka taratibu, fezi ikasogea nayo, na misururu ya mwisho ikazaliwa chini ya volteji tofauti na ile ya mwanzo. Volteji hiyo inatakiwa irudie ileile, mpigo hadi mpigo, kwa sehemu 10 katika milioni. Klaistroni za megawati 20 za gigahezi 1 zimeshatengenezwa na kupimwa moja moja. Bado hazijawekwa pamoja, hata kumi tu, mbele ya chanzo cha elektroni chenye mpigo kamili, ili fezi ya mwale ipimwe kutoka nanosekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Jaribio hilo halihitaji handaki la kilomita 50. Jengo moja na miaka michache vinatosha, na fedha za kwanza za CLIC zingepaswa kwenda huko.